Asubuhi ya Hangova Kigoma: Soma Dalili Kabla ya Kuzimua

Hangova, au mning'inio kama wengine wanavyouita, si ugonjwa mmoja. Ni matatizo madogo matano au sita yaliyokutana asubuhi moja: maji ya mwili yamepungua, tumbo limechubuka, sukari ya damu imeshuka, usingizi haukukamilika, na ini bado linapambana na kilevi cha jana. Ndiyo maana hakuna kitu kimoja kinachomaliza yote, iwe supu, limau, soda baridi au chupa ya kuzimulia, yaani pombe ya asubuhi ya kutuliza hangova. Kinachosaidia ni kujua lipi linakuuma zaidi na kuanza na hilo.

Kwa mkazi wa Kigoma kuna jambo jingine lenye uzito uleule. Kichwa kuuma, kutapika na mwili kulegea ni dalili za malaria pia, na kuhara kunaweza kuwa kipindupindu. Pombe inabebeshwa lawama ya mambo ambayo haikuyafanya, na kwa sababu hiyo watu wanafika zahanati wamechelewa.

Umeamka vizuri, saa 4 ukaanguka

Huyu hakupata hangova ya ghafla. Aliamka bado amelewa. Maumivu ya hangova hufikia kilele wakati kilevi kinapokaribia kuisha kwenye damu, wala si kinapokuwa kingi.

Piga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Ini la mtu wa kawaida hutoa gramu 8 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi na kuoga, kukimbia wala kahawa. Kwa hiyo bia moja inahitaji saa mbili hadi mbili na nusu. Aliyeanza saa 2 usiku akamaliza bia sita amebeba gramu 120, na mwili wake utazimaliza kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi. Bapa la pombe kali la mililita 250 lenye asilimia 35 lina gramu 70, yaani ni sawa na bia tatu na nusu ingawa linaingia mfukoni. Pombe ya ndizi na nyingine za kienyeji hazina kipimo kinachoeleweka, kwa sababu nguvu yake inabadilika kulingana na siku ilizokaa. Hesabu yake iongeze, usiipunguze.

Mpaka hesabu iishe, usiendeshe bodaboda, usiwashe mashine ya mtumbwi, usiingie ziwani kuogelea eti maji baridi yakuamshe. Ziwa Tanganyika lina kina kirefu, na sehemu nyingine kina huanza hatua chache tu kutoka ufukweni.

Kama unayemhangaikia ni mtu mwingine, na haamki hata ukimtikisa na kumfinya, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au ngozi yake ni baridi na midomo imekuwa ya bluu, hiyo si hangova. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimkabe, usimnyweshe chochote, na mpelekeni hospitali.

Kinywa kikavu, kiu, kichwa kinagonga ukisimama

Hapa chanzo ni maji na chumvi. Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zibanie maji, ndiyo sababu baada ya bia ya pili mtu haachi kwenda chooni. Ukiongeza joto la baa na jasho la kucheza muziki, kufikia asubuhi umepoteza maji na madini pamoja. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, upungufu ni mkubwa; ukiwa wa njano iliyofifia, kichwa hicho kina sababu nyingine na maji peke yake hayatakiondoa.

Kosa la kwanza ni kugugumia lita nzima ya maji baridi kwa mkupuo. Tumbo lililochubuka linatanuka ghafla na kuyarudisha yote. Kunywa glasi moja ya mililita 200 kila baada ya dakika 15 hadi 20, na ndani ya saa mbili utakuwa umefikisha lita moja na zaidi.

Kinachofaa kuliko maji matupu ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa. Pakiti nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa ni za lita 1. Soma nyuma ya pakiti, kwa sababu zipo za vipimo vingine. Mimina yote kwa mara moja. Ukitumia nusu pakiti kwa kukisia, chumvi inaweza kubaki nyingi upande mmoja na sukari upande mwingine. Usichemshe baada ya kuchanganya, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga.

Ukikosa pakiti, tengeneza nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya msawazo, si vya kilima. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inahitaji vijiko 9 vya sukari na robo tatu ya kijiko cha chumvi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, ongeza maji, usiongeze sukari kuficha ladha. Soda haichukui nafasi hii. Ina sukari nyingi mno na karibu haina chumvi, gesi yake inajaza tumbo, na kwa anayehara inaongeza kuhara.

Maji yenyewe yawe yamechemshwa au ya chupa. Mtu mwenye kiu kali hachagui, anakinga bombani au anachota ziwani, na siku mbili tatu baadaye anaharisha kweli. Chemsha jioni kabla ya kutoka, weka kwenye chupa kando ya kitanda. Maandalizi hayo ya dakika kumi yana faida kuliko chochote utakachonunua asubuhi.

Tuseme ukweli hapa: maji yanaondoa kiu, kizunguzungu cha kusimama na sehemu ya kichwa, lakini hayaondoi hangova yote. Uchovu na ule uzito wa akili vinatokana na usingizi uliokatika na sumu inayoachwa pombe inapovunjwa, na hivyo vinataka muda. Mtu aliyekunywa lita tatu za maji na bado anajisikia vibaya hajakosea hatua yoyote.

Kichefuchefu, kutapika, hata maji hayakai

Ukitapika, acha tumbo lipumzike dakika 20 hadi 30 bila kitu. Kisha anza ORS kwa kijiko cha chakula kimoja kila dakika 5. Inaonekana kidogo mno, lakini kwa saa moja ni kama mililita 180, na vinakaa. Vikikaa nusu saa, ongeza viwe viwili kila mara, na kadhalika.

Tangawizi husaidia kichefuchefu. Ponda kipande cha ukubwa wa pingili ya kidole gumba, chemsha kwenye nusu lita ya maji dakika 10, chuja, weka sukari kijiko kimoja au viwili, unywe ikiwa vuguvugu. Usitie maziwa. Limau kwenye tumbo tupu liache. Asidi juu ya mchubuko inawasha.

Kutapika maji ya njano machungu maana yake tumbo limeisha chakula na nyongo imepanda. Haitishi kwa mara moja mbili. Vinavyotisha ni hivi: damu nyekundu, matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, au choo cheusi kinachonata kama lami. Kutapika kwa nguvu kunaweza kupasua ukuta wa mwisho wa koo la chakula, na vidonda vya tumbo huvuja damu baada ya ulevi. Usingoje jioni, nenda hospitali. Nenda vilevile kama maumivu ni makali juu ya kitovu na yanapenya hadi mgongoni, hasa yakipungua ukiinama mbele. Kongosho huvimba hivyo baada ya pombe nyingi, na hutakiwi kula chochote njiani.

Kiungulia na tumbo kuwaka

Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, viwili, vitafune mpaka vilainike kisha kunywa maji kidogo. Ukivimeza vizima vinachelewa. Omeprazoli inafaa kwa mwenye tatizo la siku nyingi, lakini inachukua saa kadhaa kuanza kazi, usiitegemee kwa asubuhi hii. Pilipili, nyanya mbichi na supu yenye mafuta yanayoelea viahirishe.

Dawa ya kichwa: ipi na lini

Swali hili ndilo lenye makosa mengi kuliko yote kwenye maduka ya dawa.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hukwaruza ukuta wa tumbo ambao pombe tayari imeuchubua, na zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Kidonge mchanganyiko cha diklofenaki na parasetamoli, ambacho watu wengi wanakiomba kwa mazoea, kina tatizo hilohilo hata kama kinapoza haraka. Usikimeze tumbo likiwa tupu, na kama una historia ya vidonda vya tumbo kiache kabisa.

Parasetamoli haiumizi tumbo, mzigo wake uko kwenye ini. Kwa mtu mzima asiyekunywa kila siku, vidonge viwili vya miligramu 500 asubuhi, baada ya kula kitu na baada ya hesabu ya kilevi kuisha, si tatizo. Usirudie kabla ya saa 6 kupita. Kwa anayekunywa kila siku, au aliyekonda na hali vizuri, jumla ya siku isizidi gramu 2, yaani vidonge vinne, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Usimeze kabla ya kulala ukiwa umelewa eti kuzuia kichwa cha kesho: itakuwa imeisha nguvu kabla hujaamka, na ini limepewa kazi mbili kwa pamoja. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amemeza dozi mara mbili bila kujua.

Metronidazoli, ile ya tumbo na amiba, haikai na pombe. Maelezo yake yanakataza kilevi wakati wa dozi na kwa saa 48 hadi 72 baada ya kidonge cha mwisho. Kama uko kwenye dozi na umeamka uso umeiva, moyo unadunda na unatapika, mweleze mhudumu wa afya dawa unayotumia kabla ya kuongezewa nyingine.

Kutetemeka, jasho jembamba, miguu haina nguvu

Kwa mtu anayekunywa mara mojamoja, mara nyingi ni njaa na sukari kushuka. Ini likiwa linavunja pombe haliwezi kutengeneza sukari mpya vizuri, na aliyekunywa bila kula ameamka ghala tupu. Anza na kitu chepesi chenye sukari: kikombe cha uji wa ulezi au mahindi na vijiko viwili vya sukari, au ndizi mbivu mbili, au chai ya rangi yenye sukari na kipande cha mkate. Ndani ya dakika 20 hadi 30 mikono inatulia. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari apime, asikisie. Kushuka kwake kunaweza kuendelea kwa saa nyingi.

Baada ya hapo ndipo supu. Supu inasaidia kwa sababu ni maji ya moto, chumvi na protini laini ndani ya bakuli moja. Supu ya makongoro au utumbo yenye mafuta, pamoja na mchuzi wa mawese tunaoupenda, inachelewa tumboni na kichefuchefu kinarudi. Mawese yangoje mchana. Kigoma tuna bahati ya samaki. Chukua ngege au kuhe wa nusu kilo, macho angavu, mashavu mekundu ndani. Kama ni usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi wa taa hupumzika, kwa hiyo pale mwaloni, Katonga au Kibirizi, uliza samaki wa leo, usichukue aliyelala. Samaki aliyeharibika atakurudisha kwenye kutapika.

Kata vipande vitatu, weka kwenye sufuria na maji lita 1, kitunguu kimoja, nyanya moja iliyoiva, kipande cha tangawizi iliyopondwa na chumvi kijiko kimoja cha chai cha msawazo. Chemsha kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20 bila kukoroga, ukikoroga nyama inavunjika na miiba inatawanyika kwenye mchuzi. Epua, kamulia limau nusu. Kunywa mchuzi kwanza, nyama baadaye na ndizi za kuchemsha. Ugali wa muhogo na maharage ni vya mchana, maharage hasa kwa sababu yanajaza gesi.

Kahawa

Anayekunywa kahawa kila siku asiikose, maana kuikosa kunaleta kichwa cha pili juu ya kile cha pombe. Kikombe kimoja kidogo, baada ya glasi mbili za maji na baada ya kula. Asiyeizoea aiache, itamwongezea kudunda moyo na kutetemeka, na haitamwondolea kilevi.

Kuhara

Choo laini mara mbili tatu asubuhi ni kawaida, hasa baada ya bia nyingi au pombe ya ndizi isiyochujwa ambayo bado inachachuka. Kinatakiwa kipungue kufikia mchana. ORS glasi moja kila baada ya choo.

Choo kikitoka kama maji ya kuosha mchele, mfululizo, bila maumivu makubwa, usikae na wazo la pombe. Mkoa huu unakijua kipindupindu. Mlipuko wa Mei 2015 uliowapata wakimbizi wa Burundi waliofika Kagunga ulionyesha kinavyosambaa haraka. Mtu hupoteza lita kadhaa ndani ya saa chache. Anza ORS hapohapo, endelea kumnywesha njiani kuelekea kituo cha afya, na mjulishe mhudumu idadi ya safari za chooni.

Mwili moto, baridi inatetemesha, viungo vinauma

Hangova haileti homa ya nyuzi 38 na zaidi. Hii ndiyo alama ya kuishika. Hangova pia ina mwelekeo mmoja: inapungua kadiri saa zinavyokwenda, na ndani ya saa 24 imeisha. Malaria inapanda na kushuka, mtu anasema amepona saa 8 mchana kisha jioni anaomba blanketi.

Wengine hujifariji kwamba mbu hawakuwauma jana, au hulaumu usiku waliolala bila neti kwa ulevi. Yote mawili hayana uzito asubuhi hii. Mbu akikuuma leo, malaria huonekana baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi 9 hadi 14. Homa ya leo inatokana na mbu wa wiki iliyopita au wiki ya kabla yake. Nenda zahanati upimwe kwa kipimo cha haraka, tone la damu ya kidole, majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Usinunue mseto, yaani dawa ya malaria, kwa kukisia, na usikatae kupimwa kwa aibu ya kunuka pombe. Mhudumu anahitaji kujua ulikunywa nini na kiasi gani, hilo linamsaidia kuchagua dawa. Ukikutwa na malaria, mseto unywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Hapo ndipo mawese yanarudi mezani.

Shingo ikikakamaa pamoja na homa, au mtu akianza kuongea asiyoyajua, msisubiri kipimo cha mtaani. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, au hospitali iliyo karibu.

Macho yanaona ukungu

Kwa aliyekunywa gongo au pombe kali isiyo na lebo, hii ni dharura. Spiriti ya viwandani ikichanganywa kwenye pombe ina methanoli, na mwili huibadilisha kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili hujitokeza baada ya saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi kama mtu alikunywa na pombe ya kawaida: kuona weupe au ukungu, kupumua haraka bila sababu, tumbo kuuma sana, kichwa kisichopungua. Mtu hujiona ana hangova nzito na kulala, akiamka haoni. Mpelekeni hospitali akiwa bado anaona, bebeni chupa au mabaki ya alichokunywa, na watafuteni wote waliokunywa kwenye dumu lile hata kama wanasema wako salama.

Kuzimua

Bia moja ya asubuhi inatuliza kweli, na kwa sababu hiyo watu hawaachi. Inasogeza mbele kilele cha maumivu, kwa kuwa kilevi kinapanda tena kwenye damu. Kinachoahirishwa kinakuja jioni, juu ya mwili usio na maji na usingizi. Hatuishauri kwa mtu yeyote anayekunywa mara mojamoja.

Kwa anayekunywa kila siku habari ni tofauti. Ikiwa kila asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kitu, na chai yenye sukari haibadilishi chochote, hiyo si sukari wala hangova. Ubongo umezoea kilevi. Mtu wa namna hii akikata pombe ghafla nyumbani anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu chupa ya mwisho, na kati ya saa 48 na 96 kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaua. Ndugu wanaomfungia ndani ili "pombe imtoke" wanamweka hatarini bila kukusudia. Aende hospitali na mtu wa kumwangalia, aseme anakunywa kiasi gani kwa siku na lini alikunywa mara ya mwisho, na ataje mapema kama amewahi kupata degedege. Atapewa dawa za kupunguza taratibu chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo inatakiwa itangulie au iende pamoja na dripu ya sukari.